Diski Nzito

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa moja: kusugua masufuria ya shaba ya watu. Wateja waliyaleta kwenye duka la babu yakiwa na masizi, mafuta yaliyoganda na ile kutu ya kijani yenye harufu inayokaa kooni. Nilichukua nusu ya limau, chumvi na jivu, nikasugua mpaka maji meusi yakanitiririkia viwikoni. Jioni nikila mkate, niliona kama nakula sufuria ya mtu. Upepo ukigeuka, ilitufikia harufu ya viwanda vya ngozi kutoka kule chini mtoni, ambako ngozi huloweshwa kwenye kinyesi cha njiwa. Hapo nilifunika pua kwa ukosi wa sare yangu, nikaendelea kusugua kwa mkono mmoja.

"Mwangalieni Ghita, anataka kutapika tena," alisema kaka yangu Taha, aliyenizidi miaka miwili. "Babu, huyu tumwoze kwa muuza manukato."

"Na wewe tukuoze kwa nani?" babu alimjibu bila kuinua kichwa. "Kwa godoro?"

Mafundi wa maduka ya jirani walicheka mpaka nyundo zikanyamaza.

Babu yangu, Fundi Lahbib, alifua shaba zaidi ya miaka hamsini katika uwanja wa wafua shaba wa mji mkongwe wa Fez. Pale kwetu hakuna anayenunua kwa macho tu. Mteja hunyoosha kiganja, fundi humwekea birika juu yake, na mteja hufumba macho kidogo. Bati jembamba lililopakwa rangi ya shaba huelea mkononi. Shaba ya kweli huvuta mkono chini. Sisi watoto wa uwanja ule tulijua jambo hilo kabla ya kujua kusoma. Hata tikiti, hata viatu vya sikukuu, tulipima kwanza kwa kiganja, na kilicho chepesi tulikirudisha.

Majira ya baridi ya mwaka ule babu alipatwa na kiharusi kidogo. Mdomo ulirudi sawa, miguu ikarudi sawa, lakini mkono wa kulia ulibaki ukitetemeka. Nyundo ya kutia nakshi haiwezi kuongozwa na mkono unaotetemeka. Tangu siku ile babu aliuza vyombo vya zamani na kutengeneza mishikio iliyolegea, basi.

Bahati nzuri, mwaka mmoja kabla yake, Mama Mdogo Noufissa alikuwa amempiga video. Mama Mdogo aliishi nasi na alifundisha vijana katika chuo cha ufundi. Alisimama dukani na simu yake kila alasiri, akarekodi kila chombo tangu bamba la shaba likiwa bapa mpaka kinang'aa: mabirika, masinia, masufuria ya kupikia kuskusi kwa mvuke, vyetezo, mrashi wa maji ya waridi. Video zote zilikuwa sitini na tatu. Vyombo vingine kati ya hivyo hakuna fundi mwingine aliyebaki anayejua kuvifua. Wakati ule hakuna aliyewaza kwamba hizo zingekuwa kazi za mwisho za mkono wa babu.

Simu ya Mama Mdogo ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo kila video aliihamishia kwenye kompyuta mpakato ya nyumbani, kisha akaifuta kwenye simu. Nayo kompyuta ilikuwa imezeeka. Ilichemka kama pasi, feni yake ilivuma kama nyigu, na mara nyingine ilizimika yenyewe katikati ya kazi. Mtandao wa nyumbani ulikuwa dhaifu sana, video moja tu ingechukua siku nzima kupanda mtandaoni. Na mkuu wa chuo alikuwa amezitaka video hizo ili wanafunzi wake wajifunzie.

Basi Mama Mdogo alipotakiwa kwenda Meknes siku kumi kusimamia mitihani, aliniita jikoni.

"Ghita, nakuachia kazi. Wewe, si Taha."

"Kwa nini si mimi?" Taha aliuliza huku akitafuna zeituni.

"Kwa sababu mwenzako akitumwa mkate hurudi na mkate. Sikiliza, mwanangu. Mtakwenda mji mpya, kwenye duka la Bi Zhor, mkanunue diski ya nje. Terabaiti moja inatutosha na kubaki. Boksi liwe halijafunguliwa, na mpewe karatasi ya waranti. Mkifika nyumbani, msiweke kitu ndani yake kwanza. Iunganishe na kompyuta, fungua ile programu ya kujaribu niliyokuonyesha. Itaijaza diski mpaka pomoni, halafu itaisoma yote tena. Itachukua usiku mzima au zaidi, iache tu. Ikimaliza salama, ndipo unakili video. Na zile za kwenye kompyuta usizifute mpaka nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Mdogo."

Nilisikia kweli. Hata leo siwezi kusema sikusikia.

Siku ya kwenda, jua lilikuwa kali na Taha alikaa kizingitini akijipepea kwa daftari. "Mji mpya ni mabasi mawili," alisema. "Na pale sokoni nje ya lango kuna mtu anauza diski. Dakika kumi kwa miguu. Diski ni diski."

Tulikwenda sokoni.

Yule muuzaji alikuwa na meza iliyofunikwa plastiki, na plastiki ilinata. Upande mmoja palikuwa na sufuria ya supu ya konokono ikitoa mvuke, upande wa pili rundo la viatu vikuukuu. Yeye mwenyewe alikuwa anakula dagaa wa kopo kwa vidole. Alitunyooshea kidole kimoja chenye mafuta yanayodondoka, akavipangusa vyote kwenye suruali, akachukua diski. Nikaona alama ya dole gumba lake imebaki juu ya boksi, iking'aa, na nzi akaja kutua pale pale.

"Karibuni, watoto wazuri. Mnataka nini? Ninazo za kutoka Ulaya moja kwa moja."

"Tumeagizwa terabaiti moja," nilisema. Mimi ni mtu wa kuona haya, mbele ya wageni sauti yangu huingia ndani. Ilinibidi niseme mara mbili.

"Moja ya nini? Moja ni ya kuhifadhi picha ya paka! Mimi nawapa nne, kwa bei ya chini kuliko hiyo moja." Aliichomeka kwenye kompyuta yake iliyojaa makombo. Kweli, kioo kiliandika terabaiti nne. "Mmeona? Kompyuta haina sababu ya kunipendelea mimi."

Plastiki ya nje ya boksi ilikuwa imechanika. Nilimnong'oneza Taha, "Muulize waranti."

"Muulize wewe, ndiye uliyetumwa."

Muuzaji alikuwa ameshaiona mikono yangu, yenye weusi kwenye kucha. Akacheka mpaka nikaona dagaa kwenye meno yake. "Aa! Nyinyi ni watoto wa uwanja wa shaba! Sasa mimi nachoka bure kusema. Nyoosha viganja, binti."

Nikanyoosha. Aliniwekea diski moja ndogo mkono wa kushoto. Ilikuwa nyepesi kama biskuti. Mkono wa kulia akaweka ile ya terabaiti nne. Kiganja kikashuka.

"Ipi ya kweli?" aliniuliza. "Niambie wewe, mjukuu wa fundi."

Sikuuliza kitu tena. Kiganja changu kilikuwa kimeshajibu, na kilikuwa hakijawahi kunidanganya. Tulilipa, tukaondoka haraka kwa sababu harufu ya dagaa na konokono ilianza kunipanda. Chenji yote tulimrudishia babu, hata ya kununulia maji hatukuigusa.

"Watoto waaminifu," babu alisema, na mimi nikajiona mwaminifu.

Jioni niliifuta diski kwa kitambaa chenye sabuni, nikaichomeka, nikafungua programu ya kujaribu. Kioo kiliandika muda uliobaki: siku nne na saa kumi na mbili. Mama Mdogo alisema usiku mmoja. Hapo ningepaswa kushtuka. Badala yake nilichoka.

"Siku nne!" Taha alipiga kelele. "Na mechi ya Jumamosi nitaitazama kwenye kikaango? Zima hiyo. Ni mpya, itakuwa na nini?"

Nilivumilia kama saa moja, feni ikivuma. Kisha nikabonyeza kusitisha.

Kesho yake mchana Mama Mdogo alipiga simu. Nyuma yake nilisikia makelele ya wanafunzi.

"Ghita, mwanangu, umeijaza mpaka mwisho?"

"Nimeijaza."

"Ikasomeka yote?"

"Yote."

"Mungu akuridhie."

Dua hiyo kwetu mtu mzima humpa mtoto aliyemtua mzigo. Niliipokea hivyo hivyo, na mdomo wangu ukawa na ladha mbaya kama nimekunywa yale maji meusi ya kusugulia. Nilikwenda nikapiga mswaki. Haikusaidia.

Siku hiyo hiyo nilinakili video. Zilichukua mpaka usiku, lakini zilipomaliza, majina yote sitini na tatu yalikuwa yamepangwa vizuri ndani ya diski. Nilifungua ya kwanza, ikacheza. Nilifungua ya pili, ikacheza. Nikatosheka.

"Sasa futa za kwenye kompyuta ipumue," Taha alisema. "Nina mchezo wa mpira nataka kuuweka, hauna pa kukaa."

"Mama Mdogo alisema nisifute."

"Alisema kwa sababu hakujua kama zitaingia. Si zimeingia? Hesabu mwenyewe."

Nilihesabu tena. Sitini na tatu. Nikafuta, na hata kwenye pipa la taka la kompyuta nikazimwaga. Taha akaweka mchezo wake.

Mama Mdogo alirudi siku ya Ijumaa, kuskusi ikiwa mezani. Babu alikula kwa mkono wa kushoto, wa kulia akiwa ameulaza kwenye paja usionekane. Tulipomaliza nusu ya sinia, alisema kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kidogo, "Noufissa, nionyeshe ule mrashi. Nimesahau shingo yake niliikunja vipi."

Mama Mdogo alileta kompyuta na kuchomeka diski. Alianza na video ya kwanza. Babu alisogea karibu. Pale kwenye kioo mkono wake ulikuwa umetulia, nyundo ikidonoa shaba kama kuku anayedonoa mtama. Midomo yake ilikuwa inahesabu mapigo.

"Mrashi ni ya arobaini na moja," Mama Mdogo alisema, akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Akabonyeza ya arobaini na mbili. Nyeusi. Akarudi nyuma, thelathini, ishirini, kumi. Zote nyeusi. Nane za kwanza tu ndizo zilizocheza. Zilizobaki zilikuwa majina matupu.

"Si kitu," Mama Mdogo alisema, ingawa uso wake ulikuwa umebadilika. "Diski ni mbovu. Zile zenyewe zipo kwenye kompyuta."

Taha aliitazama kuskusi kana kwamba anaitafutia mchanga.

"Ghita?"

Nilijifanya namimina maji. Mama Mdogo aliichomoa diski, akaitikisa karibu na sikio lake. Kitu kiligonga ndani. Alichukua kisu cha matunda, akakipenyeza kwenye ukingo wa plastiki, na ganda likafunguka bila hata skrubu moja.

Ndani hapakuwa na diski. Palikuwa na flashi moja ndogo, ya zile zinazouzwa kwa watoto wa shule, na pembeni yake nati mbili kubwa za chuma zenye kutu nyekundu. Zote zilikuwa zimezamishwa kwenye donge la gundi ya njano kama kamasi, lililobanduka kwenye ganda. Ndani ya gundi ulikuwa umeganda unywele mrefu wa mtu, na mguu wa mende. Harufu ya mafuta ya samaki ikapanda juu ya sinia yetu.

Mama yangu, aliyepika kuskusi hiyo, alisukuma sahani yake mbali. Mimi nilifunika pua kwa mkono.

Babu aliing'oa nati moja kwa mkono wake wa kushoto. Nilishawahi kumwona babu akichukia: mvua, kodi, vijana wanaouza masinia ya bati. Lakini sikuwahi kumwona vile. Aliiinua nati kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya aliyekufa.

"Hizi ni nati za mkokoteni," alisema. "Alijua tunapima kwa mkono, akatutengenezea uzito. Pfu! Mtu anaamka asubuhi, anakoroga gundi, anatia nati ndani, halafu anakwenda kunawa akale na wanawe."

"Hata kunawa hanawi, Babu," Taha alisema kwa sauti ndogo. Hakuna aliyecheka.

Mama Mdogo alikuwa ananitazama mimi. "Lakini programu ingeigundua. Ungeijaza mpaka mwisho isingesomeka. Wewe uliniambia imesomeka yote."

"Sikuijaribu," nilisema. "Nilisitisha baada ya saa moja. Nikakudanganya. Na zile za kwenye kompyuta nimezifuta."

Babu aliiweka nati chini polepole. Mkono wake wa kulia ulitoka kwenye paja wenyewe, ukitetemeka, akaukamata kwa wa kushoto na kuurudisha. Nadhani kama angenipiga ningeona afadhali.

"Mchezo ni wangu," Taha alisema ghafla. "Mimi ndiye niliyemwambia afute. Na nimeweka mchezo."

Mama Mdogo alisimama. "Zimeni kompyuta. Mtu asiiwashe tena, hata kutazama saa. Kesho twende kwa Zhor."

Kesho yake, kabla ya kupanda basi, babu alisema ana njia yake ya kupita. Alituongoza mpaka sokoni. Muuzaji alipotuona alipangusa mdomo.

"Mzee, karibu!"

"Sikuja kununua." Babu aliweka lile ganda wazi katikati ya meza, gundi, unywele na nati, mbele ya wanunuzi watatu waliokuwa wamenyoosha viganja. "Nimekurudishia chakula chako."

"Hiyo siyo yangu! Na hata kama ni yangu, mtoto alipima mwenyewe. Nilimlazimisha?"

"Hukumlazimisha. Ulimpikia." Babu aliinua sauti kama mwenye punda anayetaka watu wapishe njia. "Jamani, njooni mtazame kilichomo! Mguu wa mende bure, hauongezewi bei!"

"Huyo ni wa nne kurudi wiki hii," alisema mama wa supu ya konokono, akikoroga sufuria yake. "Nami nimechoka kukaa na jirani huyu, wateja wangu wanadhani harufu ni yangu."

Watu wakasogea, wakatazama, wakakunja nyuso, wakaondoka. Mmoja aliirudisha diski yake na kudai fedha zake. Sisi tulimwacha yule bwana akivirusha vitu vyake kwenye gunia.

Bi Zhor alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, aliyesoma pamoja na Mama Mdogo. Aliifungua kompyuta yetu kwa bisibisi huku akinisikiliza. Nilimweleza kila kitu mwenyewe, kwa sababu Mama Mdogo alisema kisa ni changu na nikisimulie mimi.

"Uliiwasha baada ya kufuta?"

"Ndiyo. Siku saba."

"Ukaandika nini juu yake?"

"Mchezo wa mpira," alisema Taha.

Bi Zhor alishusha pumzi. "Sikilizeni. Ukifuta faili, kompyuta hufuta jina tu. Kitu chenyewe hubaki pale pale mpaka kitu kingine kije kukikalia. Kwenye ile diski ya gundi majina yalikuwepo na vitu havikuwepo. Humu majina hayapo, lakini huenda vitu vipo. Niachieni siku mbili."

Zile siku mbili sikusugua shaba vizuri hata kidogo. Mteja mmoja alirudisha sufuria, babu akaipokea bila kunikaripia.

Bi Zhor aliokoa video hamsini na saba. Sita zilikuwa zimepotea kabisa, mchezo wa Taha ulikuwa umekaa juu yake. Ya mrashi ilikuwa mojawapo ya hizo sita. Taha aliposikia alitoka nje ya duka, na alipoingia tena macho yake yalikuwa mekundu.

"Sasa tuchague diski," Bi Zhor alisema, "na safari hii mchague nyinyi. Mimi nitawauliza." Alipanga nne juu ya meza safi. "Hii kubwa ya terabaiti nyingi?"

"Video zetu hazifiki hata robo ya moja," nilisema.

"Vizuri. Hii yenye bei nusu ya wenzake?"

"Mtu hauzi kitu kizima kwa hasara," alisema Taha. "Kuna kitu kimepungua ndani."

"Hii ina sahani inayozunguka ndani. Ni ya bei nafuu na inadumu, ila ikianguka ikiwa inafanya kazi, imekwisha. Hii nyingine haina kinachozunguka, inavumilia zaidi, ila ni ghali. Nyumbani kwenu diski itakaa wapi?"

"Dukani kwa babu," nilisema, nikafikiria nyundo na meza inayoruka siku nzima. "Hii isiyozunguka ndiyo ikae dukani. Ya sahani ikae chuoni, kabatini."

"Kwa nini mbili?"

"Moja ikifa."

Babu aliichukua ile isiyozunguka, akaiweka kwenye kiganja cha kushoto kwa mazoea. Ilikuwa nyepesi kuliko kijiko. Alikunja uso, akamtazama Bi Zhor, Bi Zhor akamtazama yeye.

"Hiki siyo chombo cha shaba, Fundi," alisema. "Ukweli wake haupo kwenye uzito. Upo kwenye kujazwa na kusomwa." Kisha aliingiza namba za waranti kwenye tovuti ya watengenezaji mbele yetu, namba zikatambulika, akatupa karatasi zenye muhuri wake.

Zile sita zilizopotea hazikuwa na njia ila kufuliwa upya. Mkuu wa chuo alitupa mwezi mmoja. Babu alikaa kwenye kiti chake, mimi na Taha tukashika nyundo, Mama Mdogo akashika simu. Kila alasiri baada ya shule babu alisema, "Chini. Zaidi. Siyo hapo, hapo utaitoboa," na mara nyingine aliweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wangu na kuuongoza. Mrashi wa kwanza niliuharibu shingo. Wa pili nikauharibu tumbo. Wa tatu ulisimama, umeinama kidogo kama mzee anayesikiliza, lakini haukuvuja. Ngozi ya viganja vyangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakaingia jivu. Sitaki kueleza yalivyonuka.

Siku ya kupeleka, mkuu wa chuo, bwana mrefu mwenye jalaba ya kijivu, kanzu yenye kofia nyuma, alitupokea pamoja na wanafunzi wake. Alizipokea diski zote mbili kwa mikono miwili.

"Zimejaribiwa?" aliuliza.

Mama Mdogo alinitazama mimi. Babu naye alinitazama, na Taha, na wanafunzi wote wakageuka. Sauti yangu ilitaka kuingia ndani kama kawaida.

"Hii isiyozunguka imejazwa mpaka mwisho na kusomwa yote," nilisema. "Nilikaa nayo mwenyewe, na video zote sitini na tatu nimezifungua moja moja. Hii ya sahani bado. Imefika nusu, umeme ukakatika asubuhi."

Mkuu alinirudishia ile ya sahani. "Basi hii utaniletea kesho kutwa. Hii ya dukani kwenu naiazima mpaka siku hiyo." Akaichomeka pale pale, na wanafunzi wakasogeza viti kutazama mkono wa babu ukifanya kazi.

Tuliporudi, Mama Mdogo alinishika bega tukiwa tunapanda kilima cha uwanja wa shaba.

"Ghita, yule mtu wa sokoni alitia nati ndani ya ganda ili tudhani kuna kitu. Nawe ulitia 'yote' ndani ya jibu lako ili nidhani kuna kitu. Najua hutaki kufananishwa naye."

Nilikunja uso. Nilisikia tena ile harufu.

"Sikukuuliza ili unifurahishe, mwanangu. Niliuliza ili nijue la kufanya. Ungeniambia 'bado, Mama Mdogo, inasema siku nne', ningejua kutoka Meknes kwamba diski ni ya uongo, na babu yako asingepoteza hata video moja. Kazi ambayo haijakwisha haina aibu, maana kesho mtu ataimaliza. Lakini kazi ambayo haijakwisha ukisema imekwisha, hakuna atakayeimaliza, kwa sababu hakuna anayejua kwamba ipo. Sasa twende nyumbani uiwashe ile programu tena, na safari hii Taha asiguse kitu."

"Nimesikia," Taha alisema kutoka nyuma yetu.

"Umesikia au umeelewa?"

Taha alifikiri kidogo. "Nimesikia. Kuelewa, naendelea."

"Hilo ni jibu zuri," Mama Mdogo alisema.